Meli iliungua, kontena langu ni zima: kwa nini nadaiwa?

Swali: "Niliagiza kontena la futi 40 la vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou kuja Dar es Salaam. Bidhaa ni dola 46,000 kwa bei ya FOB (nauli na bima ni juu ya mnunuzi), na nauli ya meli dola 4,000 nililipa mwenyewe kabla ya safari. Meli ilishika moto njiani, ikavutwa hadi bandari nyingine, makontena yakahamishiwa meli ya pili. Kontena langu halikuguswa na limeshafika. Sasa nimepata barua pepe kutoka kampuni ya London nisiyoijua: eti mwenye meli ametangaza 'General Average', nitoe amana ya asilimia 12, na asilimia 28 nyingine kwa ajili ya waokoaji, la sivyo sipewi mzigo. Hiyo ni dola 20,000. Bima sikukata. Agenti wangu anasema ni matapeli. Mwingine anasema nikilipa, pesa hiyo sitaiona tena. Kwa nini nilipie meli ya mtu wakati mzigo wangu ni mzima? Na kila siku storeji inasoma."

Jibu: Pole sana, ndugu. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama barua ni ya kweli, kama deni ni la haki, na ufanye nini leo. Nitaanza na deni, maana ukilielewa hilo, mengine mawili yatakuwa mepesi.

Kinachoitwa "General Average" nitakiita hasara ya pamoja. Chukua jahazi lililobeba mizigo ya wafanyabiashara kumi. Dhoruba inachafuka, nahodha anaona litazama, anaamuru magunia ya mtu mmoja yatoswe baharini. Jahazi linafika salama. Je, ni haki yule aliyetoswa mzigo abebe hasara peke yake, na tisa waliookolewa kwa mzigo wake waende zao wakishukuru Mungu? Sheria ya bahari inajibu hapana tangu zama za Warumi, ambao nao waliichukua kutoka kisiwa cha Rhodes: kilichotolewa kwa ajili ya wote kinalipwa na wote, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake iliyosalimika. Mwenye chombo naye ni mmoja wao, analipa fungu lake.

Kwa hiyo kuwa mzima kwa mzigo wako si hoja ya kukwepa deni. Ni kinyume chake: unadaiwa kwa sababu ni mzima. Kama ungeteketea wote, usingedaiwa hata senti, kwa kuwa hukubakiwa na kitu kilichookolewa. Najua linauma kulisikia, lakini mkishalipinga kwa hoja hiyo mnapoteza wiki nzima mkiandikiana barua huku gharama za bandari zikipanda.

Siku hizi hesabu hiyo hufanywa kwa Kanuni za York-Antwerp. Toleo la karibuni ni la 2016, ingawa hati nyingi za shehena bado zinataja la 1994. Angalia nyuma ya hati yako ya shehena, ile B/L, katika maandishi madogo. Toleo limetajwa hapo, na ndilo linalokubana. Kanuni A inataka mambo manne yawepo: kafara au gharama isiyo ya kawaida, iliyofanywa kwa makusudi, kwa busara, kwa ajili ya usalama wa wote waliomo katika safari. Katika moto wa meli, kuajiri tagi za kuvuta meli ni gharama ya namna hiyo. Maji yaliyomwagwa kuzima moto yakaharibu vigae vya jirani yako ni kafara, na jirani atafidiwa. Mwingine aliyeunguliwa na moto wenyewe, au bidhaa zake zikaharibiwa na moshi na joto, hafidiwi katika mfuko huu wa michango, kwa sababu hakuna aliyeamua kumuunguza. Hasara ya kuchelewa sokoni nayo imeachwa nje kwa maneno ya wazi. Ukipoteza msimu wa mauzo kwa sababu meli ilikawia, mfuko huu haukuhusu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme meli ilikuwa na thamani ya dola milioni 60 na shehena yote iliyomo milioni 140. Jumla milioni 200. Gharama na kafara zote zikafika milioni 16. Hiyo ni asilimia 8. Thamani yako kwa hesabu hii si zile dola 46,000 za ankara tu. Nauli uliyolipa huongezwa, maana bila kusafirishwa bidhaa zisingekuwa na thamani hiyo zilipofika Dar. Basi ni dola 50,000, na mchango wako ungekuwa dola 4,000. Vipuri vya nusu ya thamani vingekutwa vimeungua kwa moto wenyewe, hesabu ingefanywa juu ya dola 25,000, nawe ungelipa 2,000. Hata mwenye mzigo uliotoswa huhesabiwa kwa ile fidia atakayopewa, asije akatoka na faida kuliko wenzake. Takwimu hizi ni za mfano wangu tu, usizipeleke kwa mtu kama ushahidi.

Mbona basi wanataka asilimia 40? Kwa sababu wanachokuomba sasa si malipo, ni amana. Siku mzigo unapofika, hakuna anayejua bili kamili. Mkadiriaji wa hasara, yaani mtaalamu anayepewa kazi ya kukokotoa nani anadaiwa nini, hukisia kwa juu ili asije akapungukiwa, kisha huchukua miaka, si miezi, kumaliza hesabu. Kiasi ulichotajiwa ni kikubwa lakini si cha ajabu. Meli ya Maersk Honam ilipoungua katika Bahari ya Arabia mwezi Machi 2018, moto uliowaua mabaharia watano, wenye shehena walitakiwa watoe dhamana ya asilimia 42.5 kwa uokoaji na 11.5 kwa hasara ya pamoja: asilimia 54 ya thamani. Kwa kontena kama lako ingekuwa dola 27,000. Na pale Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, shehena nyingi haikupata hata mkwaruzo, lakini mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja tarehe 1 Aprili, na wenye makontena wakatakiwa watoe dhamana vilevile.

Umeona pia kwamba yametajwa madai mawili. Usiyachanganye. Waokoaji wa meli wana haki yao wenyewe juu ya mali waliyoiokoa, mara nyingi chini ya mkataba maarufu wa Lloyd's ambao masharti yake ni "bila mafanikio, hakuna malipo". Tuzo yao hupangwa kwa kuangalia hatari iliyokuwepo na thamani iliyookolewa, na dhamana yao hupitia kwa mawakili wao. Hasara ya pamoja ni dai la upande wa mwenye meli, linapita kwa mkadiriaji. Watu wengi hutoa dhamana moja, wanafurahi, wanamtuma agenti bandarini, halafu wanaambiwa mzigo bado umefungwa kwa sababu ya ile ya pili. Mzigo hauachiwi mpaka pande zote mbili zitoe ruhusa kwa maandishi.

Sasa utapeli. Agenti wako hana makosa kuwa na shaka. Ajali ya meli ni taarifa ya hadharani, na matapeli husoma habari kama sisi. Usijibu kwa kubofya kilichomo ndani ya barua pepe, wala usipige namba iliyoandikwa humo. Nenda ofisi ya kampuni ya meli hapa Dar es Salaam, au piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, uulize kwa jina la meli, namba ya safari na namba ya B/L: je, hasara ya pamoja imetangazwa, mkadiriaji aliyeteuliwa ni nani, na mawakili wa waokoaji ni akina nani? Majina yakilingana na ya barua yako, barua ni ya kweli. Namba ya akaunti ihakikishe kivyake, kwa sauti, na mtu wa kampuni hiyo ya ukadiriaji. Barua ya ghafla inayosema "akaunti imebadilika" ichukulie kuwa ya wizi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kabla hujatafuta pesa, nataka uhakikishe kwa makini kwamba kweli huna bima. Bima ya shehena ndiyo inayoifanya barua hii iwe kazi ya siku chache tu. Masharti ya kawaida ya bima ya shehena yana madaraja matatu, A, B na C, na hata C, lililo rahisi kuliko yote, linalipia hasara ya pamoja na uokoaji. Mwenye bima hatoi amana. Anaipelekea kampuni yake karatasi, nayo inasaini dhamana, basi. Sheria ya Tanzania inataka bidhaa zinazoingizwa zikatiwe bima kwa kampuni iliyosajiliwa nchini, na Kenya vivyo hivyo, kwa hiyo muulize agenti wako alipeleka nini kwenye nyaraka za forodha na lini. Kama alikata cheti kabla ya ajali, kipo cha kutumia. Kama alikikata baada ya moto kujulikana, usikitegemee, kwa kuwa huwezi kukatia bima hatari uliyokwisha kujua kuwa imetokea. Anayenunua kwa bei ya CIF, yaani bei yenye bima na nauli ndani yake, naye aandike leo kwa muuzaji adai cheti chake: kwa masharti ya CIF muuzaji analazimika kukata walau daraja C kwa asilimia 110 ya bei. Wewe ulinunua kwa FOB, kwa hiyo mlango huo kwako umefungwa.

Kama bima haipo kweli, zimebaki njia tatu, na hakuna iliyo tamu.

Ya kwanza ni kuweka amana taslimu. Inaachia mzigo haraka kuliko zote, lakini mtaji wako unalala kwa miaka. Kanuni zinataka amana iwekwe katika akaunti maalum, ikiwezekana yenye riba, na ziada irudishwe. Huyo aliyekuambia hutaiona tena amekosea, ingawa kweli inakawia kurudi. Risiti halisi ya amana itunze kama hati ya nyumba. Marejesho hudaiwa kwayo, na nakala ya simu haitoshi.

Ya pili ni dhamana ya benki. Muulize mkadiriaji na mawakili wa waokoaji, kwa maandishi, kama wataipokea na kutoka benki ya daraja gani. Wengine hukataa benki wasiyoifahamu mpaka iungwe mkono na benki kubwa ya nje. Benki yako nayo itataka rehani au fedha ya kufunga, pamoja na ada. Kwa dola 20,000 mara nyingi haina nafuu sana. Kwa dola 200,000 ina nafuu kubwa.

Ya tatu ni kuutelekeza mzigo. Wapo wanaoifikiria, hasa wenye bidhaa nzito za bei ndogo kama vigae, ambako amana, storeji na demareji (ada ya kulikawiza kontena) vikijumlishwa vinaizidi mali yenyewe. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu kabla ya kukasirika. Lakini ujue kutelekeza hakufuti kila kitu: masharti ya B/L kwa kawaida yanamhesabu mpokeaji kuwa mdaiwa wa gharama za kontena hata asipolichukua. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 nayo inaruhusu bidhaa zilizokaa muda mrefu bila kutolewa ziuzwe kwa mnada. Kwa vipuri vya dola 50,000 nisingekushauri njia hii.

Kuna jambo jingine unaloweza kuomba bila gharama: punguzo la asilimia. Waandikie mawakili wa waokoaji na mkadiriaji uwaambie thamani halisi, hali ya mzigo, na kwamba huna bima. Hawalazimiki kukubali, lakini asilimia ya mwanzo huwa imewekwa kwa wote kwa mkupuo, na hushuka hesabu zinapoanza kutulia. Kama mzigo umeharibika, ita mkaguzi afungue kontena pamoja na mwakilishi wa kampuni ya meli, na uharibifu ukatwe kwenye thamani kabla ya asilimia kupigwa. Uharibifu usioonekana kwa nje uripoti kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu kupokea.

Utaletewa fomu. Ya kwanza ni hati ya ahadi, inayosema utalipa mchango wako utakapothibitishwa. Soma maneno yake: fomu ya kawaida ya Lloyd's inaahidi kiasi kitakachoonekana kuwa ni halali na cha haki kisheria. Kwa hiyo kuisaini si kukiri deni. Ni kuahidi kulipa kama deni litakuwepo. Ya pili ni fomu ya thamani, nayo inataka ankara. Hapa niseme wazi, maana jambo hili limewakwamisha wengi: usipeleke ankara ya pili, ile iliyopunguzwa. Kanuni XIX inasema mzigo uliotangazwa kwa bei ya chini utachangia kwa thamani yake ya kweli, lakini ukiwa ndio ulioharibiwa utafidiwa kwa ile bei ndogo. Yaani unapoteza pande zote mbili, na umebaki na ankara mbili zinazopingana mikononi mwa watu usiowajua. Kwa kuwa makontena yalihamishiwa meli ya pili, huenda pia ukaombwa ukubali kwamba safari ihesabiwe kana kwamba haikukatika. Ni la kawaida, usishtuke.

Je, unaweza kukataa kulipa kabisa? Unaweza, kama ajali ilitokana na kosa ambalo mchukuzi anawajibika nalo kisheria. Ila zingatia mpangilio wake. Kanuni D inasema kosa la mtu halizuii hesabu kufanywa, bali linakupa utetezi siku bili ya mwisho inapokuja. Mfano ulio bora ni wa meli CMA CGM Libra, iliyokwama kwenye maji ya kina kifupi ikitoka Xiamen, China, mwezi Mei 2011. Gharama zilifika kama dola milioni 13. Wenye shehena wengi walilipa. Karibu asilimia 8 walikataa, wakidai ramani na mpango wa safari ulikuwa na kasoro. Tarehe 10 Novemba 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubaliana nao: mpango mbovu wa safari unaifanya meli isiwe imefaa kwenda baharini, na mchukuzi ambaye hakuchukua uangalifu unaostahili kabla ya kung'oa nanga hana haki ya mchango. Miaka kumi ilipita hapo katikati.

Upepo haukuvuma upande mmoja. Mwezi Januari 2024 mahakama hiyohiyo iliamua shauri la meli ya mafuta Polar, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali katika Ghuba ya Aden Oktoba 2010 na kuachiwa baada ya miezi kumi kwa kikomboleo cha dola milioni 7.7. Wenye shehena walidai bima ya vita iliyogharamiwa na aliyeikodi meli iliwaondoa katika mchango. Wakashindwa. Ukitaka kutoka, lazima maneno ya B/L yakutoe waziwazi.

Kwa moto, njia ni nyembamba zaidi. Chini ya Kanuni za Hague na Hague-Visby, kanuni za kimataifa za wajibu wa mchukuzi wa baharini ambazo B/L nyingi zinazifuata, mchukuzi hawajibiki kwa moto isipokuwa umetokana na kosa lake yeye mwenyewe, si la baharia wake. Na moto mwingi wa makontena huanzia kwenye mzigo wa mteja fulani uliotangazwa kwa uongo: kemikali, betri, mkaa. Ndiyo maana tangu tarehe 1 Januari 2026 mkaa wote unaosafirishwa baharini unahesabiwa kuwa bidhaa ya hatari, bila ule msamaha wa zamani. Ripoti ya uchunguzi ikionyesha meli ilikuwa na mitambo ya kuzimia moto iliyokufa tangu bandarini, hapo una hoja ya kupeleka kwa wakili.

Kuhusu muda wa kudai, kuna mtego. Tanzania, Kenya na Uganda zimejiunga na Kanuni za Hamburg za 1978, mkataba mwingine wa uchukuzi wa baharini, zinazotoa miaka 2 ya kumshtaki mchukuzi. Lakini B/L yako huenda inaelekeza London na mwaka 1 tu. Hesabu mwaka 1 tangu kupokea mzigo, na usisubiri zaidi. Na kama wewe mwenyewe una kafara ya kudai katika mfuko, mpe mkadiriaji taarifa ndani ya miezi 12 tangu safari ilipokwisha.

Wanaotuma mizigo ya kushea kontena wana shida ya ziada: kontena moja lina wenye mali ishirini, na haliachiwi mpaka wote wametoa dhamana. Aliyelipa jana anamsubiri aliyegoma leo. Mbaneni aliyekusanya mizigo awape orodha ya wote, mkae pamoja. Mzigo mdogo sana mkadiriaji anaweza kuuacha nje ya hesabu, basi muombeni. Wanaoleta gari kutoka Japani nao wasidhani wamesalimika: linaloachwa nje ni gari la abiria aliyesafiri nalo, si lililotumwa peke yake.

Kwako wewe, nenda kwa wakili wa masuala ya bahari ana kwa ana, kabla ya kusaini, kama dhamana inayotakiwa inazidi nusu ya thamani ya mzigo, kama kontena limeharibika, au kama forodha imeanza kutaja mnada. Beba B/L pande zote mbili, ankara halisi, risiti ya nauli, barua zote za madai na tarehe kontena liliposhushwa. Kama huna hata moja kati ya hali hizo tatu, thibitisha barua kesho asubuhi, omba punguzo siku hiyohiyo, na utoe dhamana mapema uwezavyo. Storeji unayolipa ukisubiri hairudishwi na mtu yeyote. Amana, ikizidi, hurudishwa.